Gazeti la wanafunzi Kasapa: mwongozo kamili wa kulianzisha, kuliandika na kulitoa kwa wakati

Mwanafunzi wa uandishi wa habari anaweza kumaliza miaka 3 ya Licence (shahada ya kwanza) akiwa amejaza madaftari ya nadharia, na bado hajawahi kugonga mlango wa ofisi na kumuuliza mkubwa swali asilolipenda. Kazi hii haijifunzwi kwa kukaa. Inadai kwenda, kuuliza, kurudi tena kesho, kisha kuandika jambo ambalo msomaji anaweza kulikagua kwa macho yake mwenyewe jioni hiyohiyo. Gazeti la wanafunzi linampa nafasi hiyo wakati kosa lake bado linaweza kusahihishwa na mhariri anayeishi mlango wa tatu kwenye homu, yaani bweni.

Mwongozo huu tumeuandikia wanafunzi wa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa wa kampusi ya Kasapa ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tunashauri umbo moja la kuanzia: karatasi moja ya A3 iliyokunjwa katikati, yaani kurasa 4 za A4, kila baada ya wiki 2, pamoja na taarifa ya sauti ya dakika 3 ya kusambaza kwa WhatsApp. Msianze na redio ya FM. Redio inadai masafa, vibali na fedha, na iko chini ya macho ya CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari nchini. Msianze na tovuti pia. Tovuti hufa siku anayeilipia anapohitimu na kuondoka na nywila. Karatasi haidai bando, inapita mkono kwa mkono kwenye basi la kwenda mjini, na aliyeikunja mfukoni ataisoma tena.

Watu 8, si 30

Siku ya kutangaza gazeti jipya watakuja wengi. Chukueni 8: mhariri mkuu, naibu wake, waandishi 4, mmoja wa picha na sauti, mmoja wa fedha na usambazaji. Wengine waandikwe kwenye orodha ya wanaosubiri, wapewe kazi ndogondogo, na waingie nafasi inapopatikana. Kikundi cha watu 30 kinatoa toleo la kwanza zuri sana, la pili linachelewa, la tatu halionekani, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayefuatilia.

Waandishi 4 wasitoke kitivo kimoja. Mwanafunzi wa Lettres (lugha na fasihi) hawezi kujua kuwa maabara ya Sayansi haina kemikali za mazoezi, na wa Sheria hana habari za foleni ya kliniki. Angalau wawili wawe wanawake. Maisha ya homu za wasichana hayaandikiki na mtu anayesimamishwa langoni, na kuna mambo ambayo msichana atamweleza msichana mwenzake tu.

Naibu mhariri lazima awe wa mwaka wa chini kuliko mhariri mkuu. Andikeni sharti hili kwenye kanuni zenu tangu siku ya kwanza, kwa sababu mara nyingi kinachoua gazeti la wanafunzi ni sherehe ya kuhitimu kuliko hata udhibiti. Watu wote wa mwaka wa tatu wanaondoka mwezi mmoja na hakuna aliyebaki anayejua faili ziko wapi.

Sheria mnazopaswa kuzijua kabla ya toleo la kwanza

Katiba ya 2006 inalinda uhuru wa kutoa maoni katika kifungu cha 23, na haki ya kupata habari pamoja na uhuru wa vyombo vya habari katika kifungu cha 24. Sheria ya vyombo vya habari ya 22 Juni 1996 imeachia nafasi Ordonnance-loi (amri yenye nguvu ya sheria) namba 23/009 ya 13 Machi 2023, na siku hiyohiyo ilitoka namba 23/010, Kanuni ya Dijitali. Chapeni zote mbili, mziweke kwenye kabati la gazeti. Katika ya kwanza, someni kwa makini sehemu ya masharti ya kuanzisha gazeti na sehemu ya haki ya kujibu. Katika ya pili, someni adhabu za habari ya uongo mtandaoni, na mkumbuke kwamba haimgusi aliyeianzisha peke yake. Aliyeisambaza pia yumo. Mhariri anayebonyeza “peleka mbele” kwenye kundi la promosheni, yaani la wanafunzi wa mwaka mmoja wa kitivo, amechapisha.

Kifungu kinachowapata waandishi wengi nchini ni cha 74 cha Kanuni ya Adhabu: kumhusisha mtu hadharani, kwa nia mbaya, na tukio maalumu linalovunja heshima yake. Angalieni maneno “nia mbaya”. Kuwa na hakika kwamba habari ni ya kweli hakutoshi. Mnahitaji kuweza kuonyesha, kwa karatasi na tarehe, kwamba mlimtafuta mhusika, mkampa muda, mkaandika alichosema. Daftari la mawasiliano linaloelezwa hapa chini ndilo kinga yenu.

Kwa upande wa chuo, pelekeni barua kwa uongozi wa kitivo mkieleza jina la gazeti, mhariri mkuu, mwalimu mlezi na siku za kutoka. Mwombe nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, kwa sababu barua isiyo na muhuri wa mapokezi haikuwahi kupelekwa. Mlezi anasoma baada ya kuchapwa, au anashauri akiombwa. Hasomi kabla kwa ajili ya kuidhinisha. Jambo hili lisemwe mapema na kwa heshima, kwa sababu mlezi akishaanza kupitisha kurasa, yeye ndiye atakayeitwa ofisini, na mara ya pili atafuta habari ili asiitwe tena.

Kikao cha Jumatatu

Kikao kiwe cha dakika 45, mkiwa mmekaa kwenye viti na si kwenye kundi la WhatsApp. Kila mwandishi aje na mapendekezo 2, na kila pendekezo lisemwe kwa sentensi moja yenye mtu na kitendo. “Matatizo ya maji kwenye homu” ni mada, haina wa kuihakiki. “Wasichana wa ghorofa ya 3 wanabeba maji kutoka chini tangu pampu iharibike, na hakuna anayesema itatengenezwa lini” ni habari, kwa sababu inakuambia pa kwenda: ghorofa ya 3, kwenye pampu, kwa anayeisimamia.

Mhariri aulize maswali matatu tu. Nani ataumia au kunufaika? Karatasi gani ipo? Nani atapinga? Pendekezo lisilo na jibu la swali la pili si lazima litupwe, ila mwandishi ajue atalazimika kuhesabu mwenyewe. Aende kwenye mabomba, ayafungue yote, aandike: bomba 12, yanayotoa maji 3, saa 6:00 mchana, tarehe fulani. Arudi jioni ahesabu tena. Hesabu mbili za bomba 12 zina nguvu kuliko malalamiko ya watu 20.

Baada ya kikao kila mmoja anajua tarehe yake. Ratiba ya wiki 2 inayowezekana ni hii: wiki ya kwanza yote ni ya kukusanya, Jumatano ya wiki ya pili saa 6:00 mchana maandishi yanafika kwa mhariri, Alhamisi ni kuhariri na kurudisha maswali, Ijumaa kupanga kurasa, Jumamosi kuchapa, Jumatatu asubuhi gazeti liko mikononi. Siku ya kupanga kurasa muwe na njia mbili za umeme, kwa sababu delestaji, ule ukataji umeme wa zamu, haiulizi ratiba ya mtu. Kompyuta ijazwe chaji usiku wa Alhamisi, na kazi ihifadhiwe kwenye flashi kila inapopita nusu saa.

Kuthibitisha: mfano wa karo

Hapa ndipo gazeti linapopata jina au linapolipoteza, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo. Chukua ujumbe wa kubuni unaofanana na ule unaozunguka kila mwanzo wa mwaka: “KARO IMEPANDA!!! Kutoka 805,000 FC hadi 910,000 FC. Mwisho ni Ijumaa. Sambaza.”

Hatua ya kwanza, rudi nyuma. Muulize aliyekutumia kaupata kwa nani, kisha huyo naye, hadi ufike kwa mtu anayesema “nimeona mwenyewe” au asiyekumbuka. Mkuu wa promosheni, CP, si mwisho wa njia. Yeye ni mpeleka habari, na wakati mwingine ndiye anayekusanya michango, kwa hiyo ana maslahi. Mheshimu, msikilize, kisha endelea.

Hatua ya pili, tafuta karatasi. Tangazo la chuo lina namba ya kumbukumbu, tarehe, cheo cha aliyesaini, sahihi na muhuri. Kwanza soma mwaka wa masomo. Picha za matangazo ya zamani hurudi kila msimu, zikiwa zimekatwa juu ili tarehe isionekane. Ukiona picha iliyokatwa, ichukulie kuwa haina thamani mpaka uipate nzima.

Hatua ya tatu, nenda mwenyewe kwenye valvu, yaani ubao wa matangazo. Piga picha 3: karatasi nzima, muhuri na sahihi kwa karibu, kisha ubao wote na jengo nyuma yake. Picha ya tatu ndiyo wengi wanaisahau, na ndiyo inayothibitisha kwamba karatasi ilibandikwa hapo.

Hatua ya nne, omba risiti za benki kutoka kwa wanafunzi 2 wa promosheni moja, mmoja aliyelipa kabla na mmoja aliyelipa baada. Funika jina na namba ya matrikuli (ya usajili) kabla ya kupiga picha. Usisubiri kufunika baadaye kwenye kompyuta, maana picha ya kwanza inabaki kwenye simu, na simu huibiwa.

Hatua ya tano, chukua biki ufanye hesabu. Risiti ya kwanza: dola 350 kwa kiwango cha franka 2,300, sawa na 805,000. Risiti ya pili: dola 350 kwa kiwango cha 2,600, sawa na 910,000. Karo haikupanda hata dola moja. Kilichobadilika ni kiwango cha kubadilisha fedha. Ujumbe ule si uongo mtupu na si kweli. Habari ya kweli ni kubwa kuliko ule uvumi: anayelipa kwa franka anatoa 105,000 zaidi, anayelipa kwa dola hatoi kitu zaidi. Swali jipya sasa ni nani amepanga kiwango hicho, na kinalinganaje na kile ambacho Benki Kuu ya Kongo ilitangaza siku hiyo.

Hatua ya sita, mpe mwenye ofisi nafasi. Kwa mambo ya fedha anayehusika ni msimamizi wa bajeti. Kwa mambo ya masomo ni katibu mkuu wa taaluma. Andika maswali yasiyozidi 4 kwenye karatasi, peleka nakala 2, moja igongwe muhuri. Toa saa 48. Asipojibu, andika hasa kilichotokea: “Tulipeleka maswali Jumanne saa 4:00 asubuhi, hadi tunachapa hatujapata jibu.” Usiandike “amekataa kujibu” ikiwa hakukataa. Tofauti ya maneno hayo mawili inaweza kukupeleka kwenye kifungu cha 74.

Hatua ya saba, rudi kwa wanaoguswa: watu 3, vitivo 3 tofauti. Muulize kila mmoja alilipa kwa fedha gani na aliitoa wapi. Mzazi anayeuza mkaa Katuba anapokea franka. Kwake zile 105,000 zina sura ambayo hesabu peke yake haionyeshi.

Baada ya hapo aya ya kwanza inajiandika: “Mwanafunzi anayelipa karo kwa franka sasa anatoa 105,000 zaidi ya aliyelipa mwezi uliopita, ingawa karo yenyewe bado ni dola 350.”

Kila hatua iingie kwenye daftari la mawasiliano siku hiyohiyo: tarehe, saa, nani, wapi, alisema nini, ushahidi uko kwenye faili gani. Daftari lililojazwa wiki moja baadaye kwa kukumbuka halisaidii mbele ya mtu yeyote.

Angalizo kuhusu saa, maana limewaaibisha wengi. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Tangazo la wizara linalosema saa 4:00 asubuhi ya Kinshasa ni saa 5:00 kwetu. Tena mwenzako akisema “saa mbili” na mwingine “huit heures” (saa nane kwa hesabu ya Kifaransa), hakikisha wanasema wakati mmoja. Kwenye gazeti andikeni kwa mtindo mmoja, na sehemu ya siku iwepo daima: asubuhi, mchana, jioni.

Mahojiano na simu ya kurekodi

Jitambulishe kabla ya swali la kwanza: jina, gazeti, kwamba unarekodi, kwamba itachapwa. Mtu akisema jambo kisha akaongeza “hilo usiliandike”, kubaliana naye hapo hapo kama linaandikika au la, kwa sauti, kifaa kikiwa kimewashwa.

Simu iwekwe kwenye hali ya ndegeni, la sivyo ujumbe ukiingia utakata rekodi au kutia mlio. Kinasa sauti kiwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kidogo pembeni ili pumzi ya herufi P na B isipige moja kwa moja. Chumba kitupu chenye sakafu ya simenti kina mwangwi, kwa hiyo kaeni karibu na pazia, kitanda au kabati la nguo. Rekodi sekunde 10, sikiliza kwa vidude vya masikioni, ndipo uanze. Ukimaliza, rekodi sekunde 30 za ukimya wa mahali hapo, utazihitaji kuziba mikato. Faili ipewe jina lenye tarehe mbele, kwa mfano 2026-03-10_pampu_homu, na ihamishiwe mahali pawili kabla ya usiku.

Maswali yaanze na “vipi”, “lini”, “nani aliamua”, “karatasi hiyo iko wapi”. Swali linaloanza na “Je, hufikirii kwamba…” ni hotuba ya mwandishi. Na unyamaze. Watu wengi wanasema jambo la maana sekunde 4 au 5 baada ya kudhani wamemaliza kujibu, na mwandishi mchanga ndipo anaporukia swali lake la pili.

Kiswahili cha habari

Kosa kubwa la kwanza ni aya ya itifaki: “Ilikuwa siku ya Jumatano ambapo mheshimiwa mkuu wa kitivo, akiambatana na wajumbe wake, alihudhuria hafla iliyofana…” Msomaji amefika mstari wa nne hajui kilichotokea. Aya ya kwanza iwe maneno 25 hadi 35 na ibebe kilichobadilika na anayeguswa nacho. Vyeo vinaweza kungoja aya ya tatu.

La pili ni “imeelezwa kwamba”, “imefahamika kuwa”. Nani ameeleza? Kitenzi cha kutendwa kisicho na mtu ni mlango wa uvumi. Mhariri azungushie duara kila “ime-” ya namna hiyo na kurudisha karatasi.

La tatu ni kusahihisha midomo ya watu. Mwanafunzi akikuambia “Tuko tunangoya mayi tangu asubui”, ndivyo alivyosema, na ndivyo Lubumbashi inavyosema. Iache ndani ya alama za kunukuu. Maneno ya gazeti yenyewe yaandikwe kwa Kiswahili sanifu ili mtu wa Bukavu, Goma au Kalemie asome bila kukwama, lakini nukuu ni mali ya aliyeisema. Ila usimnukuu mfagiaji kwa lafudhi yake na profesa kwa usanifu. Huko ni kumdharau mmoja wao. Aliyesema Kifaransa atafsiriwe, na isemwe kwamba alisema Kifaransa.

Habari ya ukurasa wa kwanza iwe maneno 350 hadi 400. Nyingine 150 hadi 200. Mwandishi akisema habari yake haiwezi kupungua chini ya maneno 900, mara nyingi ana habari tatu ambazo hajazitenganisha.

Bahasha na alama

Coupage, ile bahasha anayopewa mwandishi kwenye hafla, imezoeleka hadi wengine wanaiita nauli. Gazeti la wanafunzi ndilo mahali pa kuizoesha mikono kuikataa, kwa sababu huko nje itakuja na njaa ya nyumbani nyuma yake. Kanuni iwe fupi: nauli inalipwa na mweka hazina wa gazeti, hata kama ni ndogo, na inalipwa kabla ya safari. Bahasha ikiwekwa mkononi kwa ghafla, irudishwe hapo hapo mbele ya shahidi, na jambo liandikwe daftarini. Hii inahusu pia fulana, simu na bia za wagombea wakati wa uchaguzi wa wawakilishi wa wanafunzi. Usiandike habari za profesa anayekufundisha na ambaye bado hajatoa alama zako. Mwenzako wa kitivo kingine aichukue.

Kuna habari moja ambayo kila gazeti la wanafunzi litakutana nayo: alama zinazouzwa kwa fedha au kwa mwili. Ni habari nzito na inastahili kuandikwa, na ni hapohapo mwandishi anaweza kumvunja mtu aliyemwamini. Jina halitoki, hilo kila mtu anajua. Kinachosahaulika ni kwamba promosheni, kozi, umri na mtaa vikiwekwa pamoja vinatoa jina kamili. Promosheni yenye wasichana 6 haiwezi kutajwa. Msimpeleke mwanafunzi yeyote kuwa chambo, hata akijitolea. Msichukue picha za ujumbe mkazihifadhi kwenye simu ya mwandishi. Zibaki kwa mwenyewe, mhariri azione, aandike alichoona. Kabla ya kuchapa muwe na ushuhuda wa watu wasiojuana, na muwe mmemuuliza anayetuhumiwa bila kumpa njia ya kumtambua aliyesema. Mkishindwa hilo la mwisho, msichape bado. Msomeeni aliyewaamini kila mstari unaomhusu, na akibadili nia usiku wa kuchapa, mstari unaondoka.

Kurasa, karatasi na fedha

Kwa kupanga kurasa tumieni programu ya Scribus, ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya zamani. Ukurasa wa A4 ni milimita 210 kwa 297. Acheni pambizo la milimita 15 kila upande, safu 3, na nafasi ya milimita 5 kati ya safu. Kila safu inabaki na upana wa karibu milimita 57. Maandishi ya habari yawe pointi 10, kichwa kikuu 26 hadi 28, vichwa vidogo 14. Kwa vipimo hivi ukurasa wenye picha moja unabeba maneno kama 500.

Msinyooshe maandishi pande zote mbili. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na kwenye safu ya milimita 57 neno kama “hawatatambuliwa” linaacha mashimo meupe katikati ya mstari. Nyoosheni upande wa kushoto tu. Neno likilazimika kukatwa, likatwe baada ya irabu: wa-na-fu-nzi, kamwe si wan-afunzi. Programu nyingi hazijui kanuni hiyo, kwa hiyo mtu aipitie kwa jicho.

Ukurasa wa 4 na wa 1 vinakaa upande mmoja wa A3, 4 kushoto na 1 kulia. Wa 2 na wa 3 upande wa pili. Pelekeni dukani faili ya PDF yenye herufi zilizoambatishwa ndani. Faili ya kawaida ya maandishi ikifunguliwa kwenye kompyuta ya duka hubadilisha herufi, na habari ya mwisho inapoteza mistari. Picha zigeuzwe nyeusi na nyeupe na ziongezwe mwanga, kwa sababu fotokopi huzidisha giza na uso wa mtu mweusi hubaki doa. Ombeni nakala 1 ya majaribio, ikunjeni, isomeni yote. Ndipo mseme “chapa 300”.

Hesabu ya fedha mfano wake ni huu. Duka likitoza franka 250 kwa upande mmoja wa A3, nakala moja ni 500, na nakala 300 ni 150,000. Wengi huuza kwa 500 wakidhani wamerudisha mtaji, wakisahau kwamba nakala zote haziishi. Hesabuni kuuza 210, yaani 7 kati ya kila 10. Gawanyeni 150,000 kwa 210: inatoka karibu 715. Kwa hiyo bei ni 750, au ni 500 na tangazo la mgahawa au duka la fotokopi linaloziba 45,000 zilizobaki. Tangazo lizungushiwe mstari na lipewe neno TANGAZO juu yake. Fedha zishikwe na mtu mmoja, daftari lisainiwe na wawili.

Dakika 3 za sauti

Taarifa ya sauti itoke siku ileile na gazeti. Kwa kusoma habari kwa Kiswahili kwa mwendo wa kueleweka hesabuni maneno 110 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo maandishi yote yasizidi 350: habari 3 na tangazo la mahali gazeti linapopatikana. Hifadhini kama MP3 ya chaneli moja, kilobiti 64 kwa sekunde. Dakika 3 zitakuwa karibu megabaiti 1.4, mzigo ambao hata mwenye bando la mwisho atauchukua. Taja tarehe kwenye sentensi ya kwanza, kwa sababu sauti itazunguka miezi mingi baada ya habari kuzeeka.

Makosa, kumbukumbu, kukabidhi

Mtakosea. Sahihisho likae ukurasa wa 2, mahali palepale kila mara, na liseme kosa, ukweli na toleo: “Toleo la 4 lilisema maabara ilifungwa 3 Februari. Ilifungwa 13 Februari.” Kwenye WhatsApp lipelekwe kwenye makundi yaleyale yaliyopokea kosa. Anayedai haki ya kujibu apewe nafasi, na majibu yake yasihaririwe kwa namna inayobadilisha anachosema.

Kumbukumbu zinastahili uangalifu kampusini hapa kuliko mahali pengi. Usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa na kuuawa kwenye kampusi ya Lubumbashi, na hadi leo idadi ya waliokufa inabishaniwa. Kwa hiyo jambo zito likitokea, andikeni kwa kutenganisha: mlichohesabu kwa macho yenu, mlichoambiwa na nani, na saa ngapi. Msijumlishe vitu hivyo kuwa namba moja. Kwenye maandamano nendeni wawili wawili, na anayebaki ofisini apokee ujumbe kila nusu saa. Msisimame kati ya umati na polisi kwa ajili ya picha nzuri.

Kila toleo lihifadhiwe nakala 5 za karatasi: 2 maktaba, 1 kitivo, 2 kabatini, na PDF kwenye diski 2 zinazokaa nyumba mbili tofauti.

Kukabidhi kuanze miezi 3 kabla ya mitihani ya mwisho. Mwezi wa kwanza naibu anaongoza vikao na mhariri anakaa pembeni. Mwezi wa pili naibu anatoa toleo zima peke yake. Mwezi wa tatu mhariri haji kabisa. Siku ya mwisho wanakaa mezani na sanduku moja: madaftari ya mawasiliano, daftari la fedha na salio lililohesabiwa, muhuri, funguo za kabati, nywila zikiwa zimeandikwa na kubadilishwa mbele ya wote wawili, namba za maduka ya kuchapa, na orodha ya habari ambazo hazijaisha, kila moja na jina la mtu anayesubiri kupigiwa simu.